Sekunde 93 za povu: mazoezi ya kikosi cha kujitolea kwenye kiwanja kidogo cha ndege

Swali la msomaji: "Sisi ni watu kumi na wawili tunaojitolea kuzima moto na kuokoa kwenye kiwanja kidogo cha ndege. Ndege zetu nyingi ni za injini moja, viti viwili hadi vinne, na mara moja moja hutua helikopta. Tuna pikapu yenye tangi la lita 350 na pampu, mipira miwili ya mita 20, nozeli ya lita 225 kwa dakika, madumu ya dawa ya povu ya asilimia 3, na mitungi ya poda kavu. Kila tukikutana tunawasha moto kwenye pipa, tunauzima, tunarudi nyumbani. Tunaona hatusongi mbele. Tujifunze nini, tuanzie wapi, na tutajuaje kwamba tumeiva?"

Ndugu, umefanya vizuri kutaja vifaa kwa vipimo vyake, kwa sababu jibu linaanzia hapo. Chukueni kalamu kabla ya kushika mpira. Lita 350 zikitoka kwa lita 225 kila dakika, tangi limekauka baada ya sekunde 93. Na hizo 93 hamzipati zote. Mpira wa milimita 45 wenye urefu wa mita 20 unameza lita 32 za maji kabla nozeli haijatoa kitu. Mkiunga yote miwili, lita 64 zimeshakwenda kujaza mipira tu, na mshika nozeli amebakiwa na sekunde 76 hivi. Huo ndio muda wenu wa kazi, na zoezi lolote lisilouheshimu linawafundisha kinyume.

Moto wa pipa unawapotosha kwa sababu unawazoesha kupigana na moto mpaka ufe. Kwenye ndege ndogo iliyoanguka hamtakuwa na maji ya kufanya hivyo, na wala si kazi iliyowapeleka pale. Kazi ni kufungua njia kutoka mlangoni hadi mahali salama, kuishikilia njia hiyo kwa povu, na kuwatoa watu kabla tangi halijaisha. Bati la aluminiamu la ndege ndogo ni jembamba, mara nyingi halifiki milimita moja, na likilambwa na moto wa petroli iliyomwagika linatoboka mapema sana. Mabawa yanaweza kuendelea kuungua, mkia nao uungue. Mtu akitoka mzima, kikosi kimefaulu.

Vipimo vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vimejengwa juu ya wazo hilohilo. Kwa ndege zenye urefu usiofika mita 9, yaani kundi la 1, shirika hilo linataka lita 230 za maji kwa povu la kiwango B, zitoke kwa kasi ya lita 230 kwa dakika, pamoja na kilo 45 za poda kavu. Kwa povu la kiwango A, ambalo ni dhaifu zaidi, ni lita 350 kwa kasi ya lita 350. Gawanyeni 230 kwa lita 5.5 zinazohitajika kila dakika kwa kila mita moja ya mraba, mtapata mita za mraba 42 hivi. Hilo ndilo eneo linalokusudiwa kudhibitiwa: ukanda unaouzunguka mwili wa ndege, wala si dimbwi lote la mafuta. Kwa hiyo someni kwenye karatasi za dawa yenu povu ni la kiwango gani. Likiwa B, mko karibu sana na kipimo cha kundi la 1. Likiwa A, nozeli yenu ni ndogo. Cessna 172 ina urefu wa mita 8.28, imo. Lakini Cessna 208 Caravan ina mita 11.46, na hiyo ni kundi la 2: lita 670 za povu B kwa kasi ya lita 550, na kilo 90 za poda. Ikitua kwenu ndege ya namna hiyo, mjue hesabu imebadilika, na anayeendesha kiwanja aambiwe hivyo mapema na kwa maandishi.

Tukija kwenye mpangilio, anzeni na saa. ICAO inataka gari la kwanza lifike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3, na inapendekeza dakika 2, zikihesabiwa tangu wito wa kwanza hadi gari limesimama mahali pake likiwa tayari kutoa povu kwa angalau nusu ya kiwango chake. Vikosi vingi vya kujitolea hudhani muda huo unaliwa na mwendo. Si hivyo. Kama njia yenu ina mita 1,000 na pikapu inakaa katikati, nusu kilomita kwa kilomita 50 kwa saa ni sekunde 36. Muda unapotelea mlangoni: mmoja anatafuta buti, mwingine ameweka glavu kwenye gari lake, betri imelala, mtu ameegesha gari mbele ya banda, lango la uzio limefungwa kwa kufuli na ufunguo uko ofisini.

Basi wiki mbili za kwanza msiwashe moto kabisa. Pigeni wito wa ghafla, mmoja wenu ashike saa na aandike nyakati nne: injini imewaka, gurudumu limezunguka, gari limesimama mahali pake, povu limetoka. Nyakati hizo nne zitawaonyesha mahali pa kurekebisha vizuri kuliko mjadala wowote. Kuvaa suti kamili kulengwe ndani ya dakika moja. Suruali ikae imekunjwa juu ya buti, koti limening'inizwa likiwa wazi, kofia ya kitambaa ya kukinga shingo imo ndani ya helmeti, glavu zimo mfukoni mwa koti la mwenyewe. Ndani ya suti vaeni pamba au sufu. Fulana ya nailoni au poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi hata kama koti la nje halijaungua, na vile vizibao vya kung'aa vya plastiki vivuliwe kabla ya kusogelea moto.

Sasa povu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vikosi vidogo huumbuka mbele ya moto wa kweli bila kujua kilichotokea. Dawa ya asilimia 3 maana yake ni lita 3 za dawa kwa lita 97 za maji. Tangi lenu lote linahitaji lita 10.8 hivi, na inapendekezwa gari libebe dawa ya kutosha matangi mawili, yaani lita 21.6 hivi. Anayechanganya ni indakta, kile kifaa chenye bomba la kufyonzea linaloingia kwenye dumu. Indakta ni kifaa chepesi kuzingua. Inataka presha ya kutosha ikiingia, kwa kawaida karibu baa 7, na inataka nozeli ya ujazo uleule. Indakta ya lita 225 ikifungiwa nozeli ya lita 110, presha inarudi nyuma, ufyonzaji unakata, na mnarusha maji matupu juu ya petroli. Matokeo ni hayohayo mshika nozeli akiifunga nusu "ili kubana matumizi", mpira ukijikunja chini ya gurudumu, au mipira baada ya indakta ikiwa mirefu kupita ule urefu uliotajwa na mtengenezaji. Kila mara dalili ni moja: mkondo unatoka mweupe kidogo au hauumuki kabisa, na dumu halipungui.

Kwa hiyo dumu liwe la kuangaza, lenye alama za lita ubavuni. Jaribuni hivi. Jazeni dumu maji ya kawaida badala ya dawa, endesheni pampu hadi presha ya kazi, nozeli wazi kabisa, na pimeni sekunde 30. Kwa lita 225 kwa dakika na asilimia 3, dumu linapaswa kushuka lita 3.4 hivi. Likishuka lita 2, kuna hewa inavuja kwenye bomba la kufyonzea, au ile gololi ndogo ndani ya indakta imekwama kwa dawa iliyokauka tangu zoezi lililopita. Jaribio hili halina gharama na lifanyike kila mwezi. Angalau mara moja lirudiwe kwa dawa yenyewe, kwa sababu dawa nzito haivutiki kama maji. Dawa nyingi mpya zisizo na florini ni nzito kama uji, na indakta iliyopimwa kwa dawa ya zamani inaweza kufyonza pungufu.

Kisha pimeni povu lenyewe. Chukueni ndoo ya lita 10 mnayojua uzito wake ikiwa tupu, elekezeni povu kwenye ubao ulioinamishwa ili liteleze ndani ya ndoo, sawazisheni juu, mpime uzito. Povu la kilo 1.25 kwenye lita 10 limeumuka mara 8, na hapo mko pazuri. Likiwa kilo 2.5, limeumuka mara 4 tu: ni povu la majimaji, litashuka na kuacha mafuta wazi. Iacheni ndoo ikae, mwone maji yanavyojikusanya chini. Robo ya maji ikishajitenga ndani ya dakika moja, povu hilo halitawalinda waokoaji walio mlangoni. Jambo jingine: msichanganye dawa za aina mbili kwenye dumu moja, hata kama zote zimeandikwa asilimia 3. Zinaweza kugandana na kuziba bomba.

Ile dawa ya zamani inayotandaza utando mwembamba wa maji juu ya mafuta ilimsamehe mshika nozeli mambo mengi. Isiyo na florini haisamehi. Inafanya kazi kwa blanketi la povu peke yake, kwa hiyo inataka kutuliwa taratibu. Mkondo usichome dimbwi, maana ukichoma unalivuruga, mafuta yanapanda juu ya povu na moto unarudi. Lirusheni povu ligonge ubavu wa ndege na kuteremka, au ligonge ardhi mita chache mbele ya dimbwi na kujisukuma lenyewe kuingia. Anzeni karibu na mwili wa ndege, kwenye mlango mnaoutaka, na kuusukuma moto uende nje. Mwanafunzi mpya karibu kila mara huanza na miali mirefu kwa sababu ndiyo inayotisha, na maji yanamwishia kwenye ncha ya bawa. Mazoezi ya kushika nozeli yafanywe kwa maji matupu na koni za barabarani: chorini mwili wa ndege chini kwa chokaa, wekeni mlango, na mshika nozeli aonyeshe ataanzia wapi na atafagia kwenda wapi. Nozeli hiyo inamsukuma nyuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 10. Asimame mguu mmoja mbele, na mwenzake awe mita mbili nyuma yake akiubeba mpira.

Poda ina kazi ambayo povu haliiwezi. Mafuta yanayodondoka kutoka kwenye bawa huku yakiwaka hayafunikiki kwa blanketi, ila wingu la poda linayakata mara moja. Mtungi wa kilo 9 unaisha kwa kama robo dakika, kwa hiyo anayeubeba asibonyeze akiwa mbali. Aanze kama mita 3 kutoka motoni, alenge chini ya miali, afagie kushoto na kulia akisogea. Akikaribia zaidi ya hapo mwanzoni, nguvu ya gesi inatawanya mafuta. Na poda haipozi kitu. Bomba la moshi la injini likiwa bado jekundu, mvuke wa petroli utawaka tena sekunde chache baadaye, ndiyo maana povu na poda huenda pamoja na anayeshika poda habanduki mpaka mtu wa mwisho atoke. Kwa moto mdogo wa kabureta wakati wa kuwasha injini, tumieni kabonidayoksaidi, kwa sababu poda huingia kwenye injini na kula metali. Rubani akiendelea kuzungusha injini kwa stata, mwacheni aendelee, maana mara nyingi miali hufyonzwa ndani na kuzimika. Simameni pembeni na mtungi, mbali na propela.

Sehemu ya tatu ya mafunzo, baada ya saa na povu, ni kuzijua ndege zenyewe, na kwangu hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa kikosi cha kujitolea. Ndege za kiwanja kidogo ni zilezile kila siku, kwa hiyo mnaweza kuzifahamu kama mlango wa nyumbani. Ombeni kila mwenye ndege awape nusu saa. Kila mmoja wenu afungue mlango kwa mkono wake, akiwa amevaa glavu, kisha afungue tena amefumba macho.

Kwa kielelezo, Piper PA-28 ina mlango mmoja tu, upande wa kulia, juu ya bawa. Una vitasa viwili: kimoja ubavuni na kingine juu, kwenye ukingo wa dari. Mtu asiyejua hufungua cha ubavuni, huvuta, mlango haukubali, naye hudhani umejipinda kwa ajali na kuanza kuvunja. Swichi ya mafuta ya ndege hiyo iko kushoto, kwenye ukuta karibu na goti la rubani, maana yake anayeingia kwa mlango wa kulia lazima ajinyooshe juu ya watu wote wawili kuifikia. Ya Cessna 172 iko chini, sakafuni katikati ya viti vya mbele. Ndege hiyo ina milango miwili, mafuta yake yako juu kwenye mabawa, na ikipinduka yanavuja kupitia vifuniko na mirija ya hewa hadi ardhini, usawa wa vichwa vya waliomo. Kiti chake cha mbele huteleza kwenye reli: kuna mpini chini ya ukingo wa mbele wa kiti, na ukikisukuma nyuma unapata nafasi ya kutoa miguu iliyobanwa na usukani. Mambo haya yaandikwe kwenye kadi moja kwa kila ndege: mlango, swichi ya mafuta, swichi ya magneto (vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za injini), swichi kuu ya umeme, betri ilipo, ujazo wa mafuta na aina yake, idadi ya viti, kama ina roketi ya parashuti. Kadi ikae garini, ndani ya plastiki.

Nimetaja roketi, na lazima niseme wazi. Ndege kama Cirrus, pamoja na ndege nyepesi nyingi, zina parashuti ya ndege nzima inayorushwa na roketi ya baruti. Ndege ikianguka bila parashuti kutumika, roketi ile bado ni hai, na mwili wa ndege uliojipinda unaweza kuwa umeivuta waya yake karibu kabisa na kufyatuka. Tafuteni kibandiko cha onyo ubavuni. Kwenye Cirrus roketi iko nyuma ya kioo cha nyuma na mpini wake uko darini. Asisimame mtu wala kupita kwenye mstari ambao roketi itatokea. Msikate dari wala ubavu ambao waya unapita, na msivute waya. Kuifunga roketi ni kazi ya aliyefundishwa kifaa hicho hasa. Mikanda yenye mifuko ya hewa nayo ina mtungi wa gesi. Kateni mkanda mbali na sehemu nene.

Petroli ya ndege ya 100LL, ile ya rangi ya buluu, hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya Jet A-1, yale ya injini za jeti na turbini, huanza kutoa mvuke wa namna hiyo kuanzia nyuzi 38 za Selsiasi. Kwa hiyo ndege ya pistoni iliyopinduka bila kuwaka bado ni ajali ya moto, moto wenyewe haujaanza tu. Tandazeni povu kwanza, ndipo mkono uingie kuzima: mchanganyiko wa mafuta na hewa unaoingia kwenye injini ukatwe, swichi ya mafuta ifungwe, magneto zizimwe, swichi kuu ya umeme iwe ya mwisho. Msumeno wa injini unaotoa cheche usiwashwe hapo. Propela isiguswe na isizungushwe hata inchi moja, kwa sababu magneto yenye kasoro inaweza kuwasha injini hata kama ufunguo umetolewa.

Kwenye njia ya kuelekea ajalini, kiongozi ana maamuzi matatu tu ya haraka. Upepo unatoka wapi, mteremko unaelekea wapi, na watu wako wapi. Gari liingie upepo ukiwa mgongoni, kutoka upande wa juu wa mteremko, na lisimame mita 15 hadi 20 kutoka kwenye ndege, lisizibe njia ya wanaotoka. Dereva apunguze mwendo anapoacha lami: tangi lisilo na vizuizi vya ndani huyumbisha maji, na pikapu yenye kilo 350 zinazocheza huku na huku hupinduka kwenye kona rahisi. Nyasi zikiwa ndefu, mtu mmoja atangulie kwa miguu. Walioruka au kurushwa kutoka kwenye ndege hulala hapohapo nyasini, na baadaye povu huwafunika wasionekane.

Kwenye pikapu waende watu wanne au watano. Dereva anabaki na pampu na kutangaza kiasi cha maji kwa sauti: nusu, robo, yamekwisha. Kiongozi anashika redio na hashiki kitu kingine. Akishika mpira, hakuna anayeangalia picha nzima. Mmoja nozeli, wawili uokoaji. Wengine saba au wanane wana kazi zao: mmoja anatangaza redioni kwamba kiwanja kimefungwa, mmoja anasimama langoni kupokea zimamoto na gari la wagonjwa na kuwaongoza, wengine wanazuia watu. Hakuna gari binafsi linaloingia kwenye njia ya kurukia. Swali la kwanza kwa anayepokea wito liwe: watu wangapi wamo ndani? Bila idadi hiyo mtarudi motoni kumtafuta mtu ambaye hayupo.

Kama hamna vifaa vya kupumulia, wekeni sheria isiyojadiliwa: hakuna anayeingiza kichwa kwenye moshi. Hii inauma kusema, lakini mwokoaji aliyeanguka mlangoni ameziba mlango huohuo.

Utoaji wa majeruhi ufanyiwe mazoezi kwa mdoli wa kilo 70 au 80, katika kiti cha ndege cha kweli ikiwezekana, au hata kiti cha gari kilichofungiwa kwenye fremu ya mbao yenye tundu la ukubwa wa mlango wa ndege. Moto ukiwepo, shingo na mgongo vinangoja: mkanda unakatwa, mikono inapita chini ya makwapa kutoka nyuma, unashika mkono wake mmoja kifuani kwa mikono yako miwili, unarudi kinyumenyume. Moto usipokuwepo, mtulizeni kichwa na mngojee wauguzi. Ndege ikiwa juu chini, mtu ananing'inia kwenye mkanda. Ukikata kabla mwenzako hajambeba mabegani, ataanguka na kichwa. Hili moja lirudieni mara nyingi, kwa sababu mkono hukimbilia mkasi kwa mazoea. Vioo vya akriliki vipigwe kwenye kona kwa shoka, huku mwenzako akiwafunika waliomo kwa blanketi, kwani vipande vyake ni vikubwa na vina makali. Aliyelowa petroli avuliwe nguo mbali na joto lolote.

Ndege za nyuzi za kaboni zikiungua hutoa vumbi la nyuzi ambalo si la kuvuta. Lilowesheni kwa ukungu wa maji na mvae barakoa za chembechembe hata baada ya moto kuzimika. Ndege za umeme nazo zimeshaingia: Pipistrel Velis Electro iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020. Betri zake zinapowaka zinataka maji mengi ya kupoza kwa muda mrefu, kuliko mliyo nayo, na zinaweza kuwaka upya baada ya saa kadhaa. Toeni watu, kaeni mbali, iteni tangi kubwa. Helikopta isogelewe rafadha zikiwa zimesimama, kutoka upande ambao rubani anawaona, kamwe si kupitia mkiani.

Baada ya hayo yote ndipo moto wa kweli urudi, na usirudi kwenye pipa. Tumieni trei ya chuma ya mita moja kwa mbili, yenye maji sentimita 10 chini na mafuta ya taa lita 20 juu yake. Hiyo ni sentimita moja ya mafuta, yanayowaka kwa takriban dakika tatu. Wekeni kando yake mlango wa kuigiza na mdoli nyuma ya mlango. Mwashaji atumie mwenge wenye mpini mrefu, asimame upande unaotoka upepo, na kila mtu awe amevaa kabla ya kuwasha. Trei yenye joto haiongezwi mafuta. Ingojeeni ipoe hadi mguse ukingo kwa mkono mtupu. Tumieni dawa ya mafunzo isiyo na florini, kwa sababu ile ya zamani ina kemikali zisizooza ambazo huingia kwenye maji ya ardhini na kukaa humo. Zoezi liishe mdoli akiwa mita 30 kutoka trei, hata kama trei bado inawaka.

Mtajuaje mmeiva? Mpeni mtu asiye wa kikosi saa na karatasi. Wito wa ghafla, siku ambayo hamkuambizana. Povu litoke ndani ya dakika 3 kwenye ncha ya mbali ya njia. Indakta ishushe dawa kwa kiasi chake. Mdoli atoke huku tangi likiwa bado na maji. Mtu yeyote kati ya kumi na wawili, akiokotwa bila mpangilio, afungue mlango wa ndege yoyote ya kiwanjani kwa glavu, macho yamefumbwa, na ataje swichi ya mafuta ilipo. Mkikwama kwenye moja, zoezi la wiki ijayo limeshajipanga lenyewe. Kwa viwanja vilivyo chini ya masharti ya ICAO, zoezi kamili la dharura pamoja na zimamoto wa nje na wauguzi hufanywa angalau kila baada ya miaka miwili, na mazoezi ya sehemu sehemu katikati, au angalau kila miaka mitatu kwa mfululizo wa majaribio ya hatua kwa hatua. Hata kama hamlazimiki, waalikeni, maana ndio watakaofika na maji yenu yakiwa yamekwisha.

Na kila zoezi likiisha, kabla ya mtu kuvua buti: indakta na nozeli zisukumwe kwa maji safi mpaka povu likome, bomba la kufyonzea lioshwe, gololi itikiswe isikike ikicheza. Mtungi wowote uliobonyezwa, hata kwa sekunde moja, utolewe garini, kwa sababu poda hubaki kwenye vali na gesi huvuja polepole usiku kucha. Tangi lijazwe hadi juu, dumu lijazwe hadi alama, mipira mikavu ikunjwe, na dereva aandike kwenye daftari saa ambayo gari limekuwa tayari tena.